Jembe Lililokaa Chini ya Kitanda cha Bibi

Tunduma, Jumapili alasiri

Neema mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na najua mtaimba mpaka jua lizame. Begi lako lipo mlangoni. Sitakuandikia habari za kula vizuri, kuanika mashuka au kupiga simu ukifika. Hayo nimeyasema wiki nzima, na siku hizi unayamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho, halafu unacheka. Nakuandikia kwa sababu kuna jibu nililokupa vibaya, na sitaki basi la kesho la Iringa likuchukue ukiwa nalo.

Unakumbuka siku ile ya mvua dukani, ulipokuwa umejilaza juu ya marobota ya vitenge na daftari lako? Ukaniuliza, "Mama, hivi refuse, deny, reject na decline, si yote ni kukataa tu? Waingereza wanajisumbua nini?"

Nikakujibu huku nakunja kitenge, "Yote ni kukataa. Kukataa ni kukataa."

Elia alikuwa amesimama mlangoni anakung'uta mwavuli wake. Akasema, "Mama Neema, hapo unamfelisha mtoto."

Ukamwambia, "Haya Anko, fundisha wewe uliyezeeka kwenye makaratasi ya forodha."

Na kweli akafundisha, kwa mifano ya mpakani. Mahindi yakipimwa yakakutwa na unyevu, yakarudishwa, hiyo ndiyo reject: kitu kimeangaliwa kikaonekana hakifai. Dereva akiulizwa mzigo uliofichwa chini ya kiti ni wa nani, akasema hajui umefikaje, hiyo ni deny: anakana. Ofisa akimwambia huvuki, na mlango akaufunga, hiyo ni refuse. Na mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akishika kitenge chako kizuri, akakigeuza, akakisifu, kisha akatabasamu na kusema "awe, mayo", hiyo ni decline. Amesema hapana, lakini hajakuvunjia heshima, na kesho anaweza kurudi.

Mkacheka, ukaandika. Mimi sikucheka. Nikageukia rafu nikajifanya natafuta rangi ya kijani. Wakati ule nilikuwa nimeshajua, Neema. Nilikuwa nimejua kwa mwezi mzima.

Acha nianzie mbali kidogo.

Baba yako anaitwa Festo, hilo unalijua. Ni hilo tu nililowahi kukupa. Sijakuambia kwamba nilimpenda. Nilikuwa kidato cha nne pale Iyula na yeye alikuwa amemaliza miaka miwili kabla, anafanya kazi kwenye mtambo wa kumenyea kahawa. Mikono yake ilikuwa inanuka maganda ya kahawa mabichi, harufu kama ya tunda lililoanza kuchacha, na mpaka leo nikipita karibu na mtambo msimu wa mavuno moyo wangu unashtuka kabla akili haijauzuia. Alinipima kidole kwa jani la nyasi akasema ni kwa ajili ya pete. Nililitunza lile jani ndani ya kitabu cha jiografia.

Wiki mbili baada ya jani lile nilimwambia nina mimba. Wiki moja baadaye wazee wa pande zote mbili walikaa sebuleni kwa babu yako, chai imemiminwa, mimi nimekaa chini kwenye mkeka. Babu yako akamuuliza, "Kijana, binti huyu unamfahamu?"

Festo akatazama kikombe. Akasema, "Namwona kanisani."

Ni hivyo tu, mwanangu. Namwona kanisani. Mjomba wake alikohoa. Mama yangu akainuka akaenda kuongeza maziwa kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa. Sikulia. Nilikuwa naitazama ile mikono yake nikiwaza kwamba siku ile alikuwa ameinawa kwa sabuni, aliisugua vizuri, ili aje kusema vile.

Hiyo ilikuwa ya kwanza. Alikana. Aliwakana watu wawili kwa mara moja, mimi niliyekuwa mbele yake na wewe ambaye bado ulikuwa huonekani.

Kila ulipoulizia baba, hadithi yangu iliishia hapo. Nilikuambia, "Baba yako alikukataa." Nilikuambia ukiwa na miaka sita, nikakuambia tena ulipofika darasa la nne. Kidato cha kwanza mliambiwa muandike sentensi kumi kwa Kiingereza kuhusu familia. Sentensi yako ya tatu ilisema baba yako alikukataa, na ulitumia neno reject. Mwalimu aliweka alama ya vema kwa wino mwekundu, maana sarufi ilikuwa sahihi. Nililiona daftari lile, nikalifunga, nikakupikia wali siku ya katikati ya wiki. Ungejua kwa nini ulikula wali siku ile usingeumeza.

Kwa sababu hadithi haikuishia sebuleni.

Ulikuwa na miezi minane, umeanza kukaa, ukiona kuku unapiga makofi. Babu yako tulikuwa tumeshamzika. Festo alirudi. Alikuja na mjomba wake yuleyule na jembe jipya, kama inavyofanyika kwetu mtu anapokuja kusema huyu mwanamke na huyu mtoto ni wangu. Unajua desturi: jembe likiingizwa ndani na kuwekwa, maneno yamepokelewa. Likibaki nje au likirudishwa, hakuna neno. Nilimwona kwa dirisha la jikoni. Alikuwa amekonda. Alilishika lile jembe kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto mchanga asiyemzoea.

Mama yangu akaja jikoni akanong'ona, "Wamekuja kwa amani, Tabitha."

Nikamwambia, "Mwambie hana mtoto hapa. Mimi huwa namwona kanisani."

Nikakufunga mgongoni, nikatoka kwa mlango wa nyuma mpaka shambani, nikakaa kwenye mahindi mpaka nilipowasikia wakiondoka. Nilikuwa na furaha ile chungu ya kumrudishia mtu maneno yake. Niliona nimeshinda. Hiyo ilikuwa ya pili, na ilikuwa yangu. Nilimfungia mlango, na nilikuwa na haki ya kufanya hivyo kwa upande wangu. Lakini ulikuwa mgongoni mwangu, Neema. Nilifunga na wa kwako bila kukuuliza, kisha nikakulea nikisema ni yeye aliyeufunga.

Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Silitafutii kisingizio cha umri.

Sasa nifike kwa Elia, na unisamehe kama nitaandika kwa furaha, maana siwezi kuliandika jina lake bila kutabasamu. Ni wiki ya sita leo tangu tufunge ndoa na bado nikiamka nageuka kuhakikisha yupo. Unaniona mjinga, najua, ulishasema kwamba naimba nikiosha sufuria kama msichana wa kipaimara. Ni kweli. Nina miaka arobaini na mtu ananiwekea karanga mfukoni mwa sweta ili nizikute nikiwa dukani. Ananiita "mke wangu" mbele ya madereva bila sababu yoyote, kwa kulipenda neno tu. Miaka ishirini nilidhani mlango wa namna hii umefungwa na ufunguo umetupwa, na kumbe kuna mtu alikuwa anapita mbele ya duka langu kila siku na mafaili kwapani, anaogopa kusalimia.

Lakini furaha yangu ndiyo iliyonifumba mdomo kwa miezi minne. Ndiyo maana nakueleza.

Siku washenga wa Elia walipokwenda Iyula kwa Bibi, wewe ulibaki kulinda duka. Baba mdogo wa Elia alitangulia na jembe, Elia na mimi nyuma. Bibi yako alikuwa amevaa gauni lake la kitambaa kizito, amepaka mafuta. Nilidhani atapiga vigelegele. Jembe lilipofika mlangoni akanyoosha mkono, akalisimamisha hapohapo.

Akasema, "Siwezi kulipokea hili. Kuna jingine ndani."

Baba mdogo akacheka kwa adabu. "Mama, la kulimia si neno. Sisi tumeleta la posa."

Bibi akasema, "Na mimi nasema la posa."

Akaingia chumbani. Tulisikia sanduku likivutwa kwenye sakafu. Akatoka na kitu kimeviringishwa kwa kitenge cha zamani, akakifungua mbele yetu sote. Lilikuwa jembe la Festo. Halijawahi kugusa udongo, Neema. Karatasi ya dukani bado ilikuwa imebandikwa pembeni, na chuma kilikuwa kinang'aa kwa mafuta. Kila mwaka alikuwa analitoa, analipaka mafuta, analirudisha chini ya kitanda kile ulichokuwa unalala naye wakati wa likizo. Siku ile niliyokaa kwenye mahindi nikijiona mshindi, mama yangu alilipokea.

Nilimuuliza, "Mama, ulimwambia nini Festo?"

"Nilimwambia una hasira, zitaisha. Nilimwambia mtoto akikua atakuja."

"Na mimi kwa nini hukuniambia?"

"Ungeondoka. Ulikuwa umeshaanza kusema habari za Tunduma. Ningekuambia, ungenichukia na ungemchukua mtoto, nibaki na nani?"

"Niliondoka hata hivyo."

"Ndiyo," akasema. "Lakini ulikuwa unarudi."

Sijui nikuandikieje nilivyojisikia. Festo aliponikana nilikuwa msichana na alikuwa kijana mwoga, naweza kumwelewa hata kama sitaki. Lakini huyu ni mama yangu. Ni mwanamke aliyenishika mkono siku nakuzaa. Miaka yote hiyo niliongea mabaya ya Festo jikoni kwake, naye akikatakata mboga, akiitikia "mh", huku jembe lake lipo hatua kumi kutoka hapo. Nililala nyumba ile usiku huo nikihisi kila kitu ndani yake kilikuwa kinajua isipokuwa mimi.

Nilidhani Elia atabeba jembe lake na kuondoka, maana amedhalilishwa mbele ya wazee wake. Asubuhi nilimkuta uani anamenya viazi pamoja na Bibi. Akaniambia, "Mama Neema, kwanza tulirudishe la mwenyewe. Langu litasubiri. Limezoea foleni ya mpakani, linatoka Tunduma." Bibi akacheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikachukia kwamba amecheka, kisha nikacheka pia. Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye.

Basi tukalipeleka, mimi na Elia, kwa bodaboda mbili.

Festo ana mke na watoto watatu na kahawa inayopendeza. Nywele zake zimepungua. Alipoliona jembe alijua. Alilipokea kwa mikono miwili vilevile kama siku ile dirishani, akalipitishia kidole kwenye makali, akauliza, "Kwa hiyo amekataa?"

Nikamwambia, "Nani?"

"Neema. Bibi yake alisema mwenyewe hataki. Nilikuja alipoanza shule, nikaambiwa mtoto hataki kusikia. Nikaja alipomaliza la saba. Nikaja tena."

"Hajawahi kuulizwa," nikasema. "Hata siku moja hajawahi kuulizwa."

Akakaa kwenye jiwe la mlangoni. Akasema, "Siku ile ya chai nilimwogopa mjomba. Sina neno jingine, Mama Neema. Niliogopa tu." Mkewe alituletea maji ya kunywa akakaa karibu naye.

Kisha akaingia ndani akatoka na msumari. Namaanisha alitoka na ubao mdogo wenye msumari mmoja, na kwenye msumari zimening'inia kamba. Kamba za katani, fupi na ndefu, kila moja ina mafundo mawili.

Masweta yako, Neema. Sweta jekundu la kila Juni, ulilokuwa unalipata ukienda likizo Iyula baridi inapoanza, lenye kola iliyokunjwa mara mbili ambayo wenzako walikuwa wanaionea wivu. Bibi alituambia kuna mama wa kanisani anafuma. Kweli yupo, ni mama yake Festo. Kila mwaka Bibi alikupima mgongo na mkono kwa kamba, akafunga fundo hapa na fundo pale, akaipeleka kwao kimya kimya, na sweta likarudi. Unakumbuka ulivyokuwa unacheka kwamba Bibi hajui futikamba? Festo alizitunza zote. Alizipanga kwenye msumari kwa miaka. Akanionyesha moja isiyozidi shubiri mbili. Akasema, "Hapa alikuwa ameanza kutembea." Akashika nyingine, "Mwaka huu alirefuka ghafla, mama alilazimika kufumua mkono akaanza upya."

Hakuwa na picha yako. Hakuijua sauti yako. Alikujua kwa kamba.

Bibi akalipokea jembe la Elia, nami nikarudi Tunduma nikiwa nimeapa nitakuambia jioni hiyohiyo. Nikakukuta umepika, umepanga maua ya plastiki mezani kwa ajili ya uchumba wangu, ukanikumbatia ukasema, "Mama, sasa zamu yako." Nikashindwa. Nikasema nitakuambia baada ya harusi. Harusi ikapita, nikasema acha nionje hata wiki moja ya furaha bila mtu kulia ndani ya nyumba. Wiki zikawa sita. Bibi alinificha kwa sababu hakutaka kubaki peke yake, mimi nikakuficha kwa sababu nilikuwa nimeacha kuwa peke yangu. Sioni nilichomzidi. Nimeacha kumnunia Bibi tangu nilipoliona hilo, ingawa bado sijaweza kulala chumba kile cha jembe.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili, na nalirekebisha kabla hujaenda kuwafundisha wengine. Baba yako alikana, mara moja, kwa woga, akaja kulifuta. Mimi nilikataa, na kukataa kule kulikuwa kwangu peke yangu. Bibi alikataa kwa jina lako, jambo ambalo Elia anasema hata mpakani hawana karatasi yake. Na ile ya mahindi yenye unyevu, ya kupimwa na kuonekana hufai, hiyo haikuwahi kutokea. Uliibeba tangu una miaka sita, ukaiandika ukapewa vema, na niliyekuandikia ni mimi.

Kesho basi lenu litafika Vwawa kama saa tatu, na mbele kidogo utaona mahali bodaboda za Iyula zinaposubiri abiria. Festo atakuwa amesimama hapo, amevaa koti la kijivu. Nilimwambia basi na saa, na nilimwambia kwamba zaidi ya hapo sina mamlaka. Akasema hatasimamisha basi wala hatapunga mkono. Atasimama tu, likipita limepita. Elia ameshaongea na kondakta, ukitaka kushuka utashushwa, na kuna basi jingine la Iringa mchana. Ukitaka kupita, pita. Usishuke kwa kumhurumia yeye wala kwa kuniridhisha mimi. Ukisema hapana kesho itakuwa hapana ya kwanza ambayo ni ya kwako mwenyewe, na hata kama ni ile ya "awe, mayo", ya kurudi siku nyingine, hakuna atakayeijibu kwa niaba yako.

Bahasha hii nitakupa mkononi ukirudi kutoka kwaya. Isome leo. Mimi nitakuwa jikoni, Elia nimemwomba aende kwa kaka yake tubaki wawili. Ukija na hasira, njoo nazo zote. Sitakwenda shambani safari hii.

Ijumaa nilikupima mgongo na mkono kwa kamba, ukaniuliza kama na mimi nimeanza mambo ya Bibi. Nilikuambia ni kwa ajili ya fundi wa blauzi. Hakuna blauzi. Kamba imo humu ndani ya bahasha, imekunjwa, ina mafundo mawili. Nilitaka kumpelekea mwenyewe, kisha nikaona nimeshapeleka na kurudisha vya kutosha kwa jina lako.

Ni kipimo chako. Mpe, au baki nacho.

Mama yako,
Tabitha